Mkwe Juu ya Bati

Kwingine mgodi ukiporomoka, watu huuliza ni nani aliyeacha kununua miti ya kushikilia dari. Kolwezi, mji wa shaba wa Katanga, waliuliza majirani wametoka wapi. Wakubwa walipanda jukwaani na suti zao wakasema shaba imekwisha kwa sababu Wakasai wameila. Walivyoila hawakueleza, na hakuna aliyeuliza, maana mkutanoni kulikuwa na bia ya bure. Tangu siku hiyo mtu wa Kasai akaitwa kilulu, yaani mdudu, hata kama kitovu chake kilizikwa hapahapa Katanga, na vijana wakagawiwa firimbi wakafukuze wadudu.

Mama Kabedi alikuwa mdudu wa namna hiyo. Mumewe, Ngeleka, alizaliwa Luena, kambi ya makaa ya mawe, akaanza kuchimba makaa kabla ndevu hazijaota. Kasai aliijua kwa kusimuliwa tu. Makaa yalipokosa faida, Kampuni ilimhamishia Kolwezi, chini ya ardhi, akameze vumbi la shaba juu ya vumbi la makaa. Kifua kilipoanza kukwaruza, daktari wa Kampuni alimwambia aache tumbako. Ngeleka hakuwahi kuvuta sigara hata moja. Akamtemea daktari kitu cheusi kwenye kitambaa ili aone. Daktari akaona, akasema, tumbako hiyo.

Sasa alikuwa amelala chumba cha mbele, mifupa na macho, akivuta pumzi kama mtu anayevuta ndoo kutoka kisima kirefu. Mama Kabedi alitaka jambo moja tu duniani: mumewe afie kitandani pake. Stesheni Wakasai waliokwisha kufukuzwa walikuwa wamejazana chini ya mashuka na maplastiki, wakingoja treni ya kwenda Kasai, ambayo kila asubuhi ilisemwa imefika stesheni ya Tenke. Mvua iliwanyeshea, watoto walizikwa kando ya reli. Kifua cha Ngeleka kisingemaliza juma pale.

Na aliyekuja kuwatoa alikuwa mkwe wao.

Numbi, kijana Mluba wa kaskazini ya Katanga, alimwoa binti yao mkubwa, Abigaëlle. Ngeleka ndiye aliyemwombea kazi na kumfundisha kusimamisha miti mgodini. Sasa kazi imesimama, kiwanda kimeacha moshi lakini mto umebaki na rangi yake ya maziwa mabovu, na Numbi amekuwa chef, yaani mkuu, wa vijana wa avenue, mtaa wao. Maana yake, alipewa firimbi kubwa kuliko za wenzake. Nyumba aliitaka kabla hawajaiwahi vijana wa avenue ya pili.

Mama Kabedi akaweka kigoda mlangoni, akanyoosha miguu mpaka mwimo wa pili, akaanza kubambua karanga. Mlango ulikuwa huo mmoja. Anayetaka kuingia amruke miguu. Na mwanamume wa Kiluba hamruki mama mkwe. Hamkaribii, hamtazami usoni, hali chakula mbele yake. Wakikutana njiani, yeye ndiye anayeingia majanini. Hilo Waluba wa Kasai na Waluba wa Katanga wanalo sawasawa, ingawa jukwaani hakuna aliyelitaja.

"Ingia weye, Gradi," Numbi akamwambia msaidizi wake.

"Ni mama mukwe yako, chef, hapana yangu. Nikimugusa, laana itakuya kwangu ao kwako? Tujue kwanza."

Basi Numbi akaugeukia ukuta, kama adabu inavyotaka. "Ukuta, ambia mama atusamehe. Tunakuya kwa heshima. Nyumba ni ya Kampuni, na Kampuni ni ya bana-inchi, benyeji ba Katanga. Baende tu bangoje treni na benzabo."

"Ukuta," Mama Kabedi akajibu, macho kwenye karanga, "uliza ule mwenye firimbi, treni iko wapi?"

"Ukuta, treni iko njiani."

"Basi ifike. Tata Ngeleka, baba mukwe yake, atapanda treni, hatapanda mvua. Na umuulize tena, ukuta, siku ile alikuya kuomba Abigaëlle, kuku alikula ilikuwa ya nani? Ya bilulu?"

Vijana wakacheka. Numbi akasema ukuta uache maneno ya zamani.

"Ya zamani wapi," Mama Kabedi akasema. "Mufupa ungali unamukwama ku meno."

Mtu mwenye haya angeenda nyumbani. Numbi alienda kuleta ngazi na baramini, kile chuma cha kung'olea mawe mgodini. Akawaeleza vijana wake kwa majivuno kabisa: hatapita mbele ya mama, hatamruka, heshima iko palepale, atang'oa bati, na mvua itawatoa yenyewe. Ndizo akili zinazogawiwa pamoja na firimbi.

Akapanda, Gradi nyuma yake. Misumari ikaanza kulia.

"Nani iko juu?" Ngeleka akauliza kutoka kitandani.

"Mukwe yako. Anatoa bati."

Ngeleka akatafuta pumzi, akaipata. "Mi nilimufundisha kushika dari. Kubomoa, alijifundisha yeye mwenyewe."

Alicheka, na kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi kikamchafua kuanzia kidevuni mpaka magotini. Mama Kabedi akafunga mlango, akaegemeza kigoda kwa ndani, akateka maji. Hakuwa mtu wa kumwacha mgonjwa katika uchafu eti kwa sababu kuna mwizi juu ya nyumba. Akamvua mumewe nguo. Akavua na blauzi yake isilowe, akabaki na kitenge kiunoni, akaanza kumwosha.

Bati likanyanyuka. Mwanga ukamwagika chumbani, na katikati ya mwanga ukaonekana uso wa Numbi.

Alikuwa ameogopa kumruka miguu. Sasa amesimama juu ya kichwa chake, akimwona kifua wazi, na baba mkwe uchi kando yake.

Mama Kabedi hakujifunika. Alimtazama machoni, na safari hii hakupitia ukuta. "Umeona, mwanangu. Sasa umuelezee Abigaëlle."

Baramini ikaanguka nje. "Chef, kuko nini umo ndani?" Gradi akauliza, lakini alikuwa amesikia, na miguu yake ilikuwa imeshaanza kushuka. "Mi sikuona kitu," akawaambia wa chini. "Mi nilishika ngazi tu."

Jua halijazama avenue nzima ilijua. Abigaëlle alimrushia Numbi blanketi uani. Aliyeona uchi wa mama mkwe halali na binti yake mpaka atakaswe kwa mbuzi, na mbuzi huyo ni lazima mama mwenyewe ampokee. Kesho yake shujaa wa bana-inchi alikuwa tena mbele ya ukuta, kamba ya mbuzi mkononi.

"Ukuta," Mama Kabedi akasema, "bati kwanza. Mbuzi tutaongea wakati tata atamaliza kazi yake ya kufa."

Numbi akapanda kugongomea bati macho ameyafumba, akajiponda vidole, na watoto wa avenue wakamhesabia kwa sauti. Vijana wa avenue ya pili walipokuja na firimbi zao, ni yeye aliyewafukuza, maana mama akipotelea stesheni bila kumpokea mbuzi, yeye ndiye atakayebaki uani. Wakubwa na hotuba zao zote hawakuweza kumfanya mtu yeyote Kolwezi amlinde mgonjwa mmoja.

Ngeleka alikufa alasiri moja ya mvua, mkavu, kitandani pake, mkono wake kwenye paja la mkewe. Kampuni haikutuma hata ubao wa jeneza.

Treni ilifika baada ya mazishi: mabehewa ya makaa ya Luena, hayakufagiliwa. Mama Kabedi akapanda, akakaa juu ya vumbi lilelile lililomuua mumewe. Abigaëlle alikuwa ameshapanda, mtoto mgongoni. Numbi akaja mbio na mbuzi wake, akasimama kando ya behewa, akageuza uso pembeni.

"Ambieni mama apokee," akasema kwa hewa. "Ambieni mama, tafazali."

Wanawake waliojaa mle ndani walimtazama Mama Kabedi. Yeye alikuwa anamfungia mjukuu wake kitambaa puani na mdomoni, na alikifunga polepole, vizuri, ili vumbi lisipite.

Treni ikaanza kuvuta. Numbi aliisikia, kamba ya mbuzi ingali mkononi mwake, lakini hakuthubutu kugeuka.