Alama Nyekundu za Kigwena

Assumani na dada yake Mwavita walikuwa siku ya tatu ndani ya msitu wa Kigwena, kando ya kinamasi, tangu askari waanze kukamata watu mjini Rumonge, mwezi wa tano 1972. Mbele ziwa, nyuma barabara yenye askari. Wapite wapi?

"Vumilia, dada," alinong'ona Assumani. "Hata huu msitu ulijificha hapa."

Hakuwa akibuni. Miaka miwili kabla alimsaidia profesa mmoja Mzungu kuchimba matope ya kinamasi hiki. Ndani mlikuwa na vumbi la maua ya kale, na profesa alilisoma kama kitabu: dunia ilipopoa na mvua kuadimika, miti ya milimani ilishuka, nyasi zikatawala ufuko, msitu ukajikunyata mabondeni penye unyevu. Joto liliporudi, ukatoka.

"Msitu ulingoja siku ngapi?"

"Miaka maelfu."

Mwavita alimtazama kama mtu aliyeuziwa samaki aliyeoza. "Sisi tuko na mihogo miwili, mudogo wangu."

Hapo wakasikia buti. Hazikutangatanga, zilikuja moja kwa moja, zikisimama kidogo, kisha zikisonga. Assumani akakumbuka. Profesa alikuwa mwoga wa kupotea, kwa hiyo Assumani aliipaka miti alama nyekundu kuanzia barabarani hadi kinamasini. Juzi yeye mwenyewe alizifuata asipotee, akajiona mjanja.

Akainua macho. Juu ya kichwa cha Mwavita, kwenye gome, alama ya mwisho ilikuwa iking'aa. Rangi aliichagua mwenyewe dukani, ile isiyofutwa na mvua.