Baiskeli ya Kanzu

Kezia alizikuta baiskeli tatu zikiota kutu nyuma ya nyumba ya masista, Kibondo. Masista walikuwa wamepata gari, na gari likishaingia uani, baiskeli hugeuka kitulio cha kuku. Akazinunua, akazipakia kwenye lori la maharage hadi Kasulu, akazisugua kwa mchanga na mafuta ya taa mpaka zikang'aa.

Leonidasi, fundi baiskeli mwenye kibanda ambamo Kezia alifanya kazi, alizitazama akaguna.

"Hazina mfupa." Alimaanisha bomba la juu, lile la baiskeli za wanaume. "Za kike hizi. Mwanamume hapandi, na mwanamke mumewe hamruhusu. Umenunua vyuma vya kuanikia nguo, mwanangu."

"Zitanunuliwa."

"Zote tatu kabla ya Idi. La sivyo weka spana zangu chini, urudi jikoni kwenye mwiko."

Kezia aliipenda spana kuliko wachumba wote waliowahi kumposa. Yeye na mwiko hawakuwahi kuelewana.

Wiki mbili wanaume walikuja kucheka tu. Mmoja aliuliza kama zinataga.

Ijumaa akapita mzee Hilali, muuza vitambaa, akienda msikitini kwa baiskeli yake ya kiume. Bomba la juu halijui heshima: kanzu yake ilikuwa imekunjwa hadi kiunoni, na Kasulu nzima ilishajua rangi ya kaptula yake. Mbele ya kibanda kanzu ikaponyoka, ikanaswa na gurudumu la nyuma. Puu! Hilali chini, baiskeli juu.

Kezia alimnasua, akamsogezea moja ya zake.

"Ya kike hiyo!" Hilali aling'aka.

"Nani kasema? Hapa kanzu inashuka mpaka kwenye vifundo. Na huu wavu wa uzi kwenye gurudumu la nyuma, unadhani ni wa kuvulia dagaa? Unazuia kanzu isinaswe. Hii, mzee wangu, ni baiskeli ya kanzu."

Hilali akatazama kushoto, akatazama kulia, akalipa, akapanda. Jumatatu rafiki yake Dadi akainunua ya pili.

Siku mbili kabla ya Idi akaja Esteri, mkunga, aliyechoka kutembea kwa miguu tangu watu wahamishiwe vijiji vya ujamaa vya mbali. Akashika usukani wa ile ya tatu.

"Iache hiyo, mama," Leonidasi alisema, uso mkavu. "Ya wanaume. Ya kanzu."

Wapita njia wakamuunga mkono: mwanamke na baiskeli ya kanzu, haya ameiacha wapi? Kezia alitamani kulimeza neno lake mwenyewe.

Esteri alimtazama fundi vile anavyowatazama wanaume wanaozimia mlangoni wakati wake zao wanajifungua. Akaondoka.

Kesho yake asubuhi alirudi. Mumewe alikuwa katekista, na Esteri alikuwa amevaa kanzu ya mumewe ya ibada, nyeupe, ndefu mpaka kwenye vifundo, mkoba wa kazi begani.

"Kanzu hii hapa. Kuna jingine, fundi?"

Leonidasi akasogea pembeni. Esteri akamlipa Kezia, akapanda, akapiga kengele mara mbili, akashika njia ya Makere. Kanzu ya katekista ilipepea na haikunaswa popote.

"Na Jumapili mumewe atavaa nini?" Leonidasi aliuliza.

"Sketi. Nami nitamtafutia baiskeli yenye wavu." Kezia akanyoosha mkono. "Spana, fundi."

Akapewa.