Mwewe wa Lorna

Nilisikia kwa foleni ya maji hapa mtaani Wabera kwamba watoto wanaokusanyika kwa kina Jattani wanapeana macho yao kwa ndege. Jirani yangu Nakiru ndiye alisema, akacheka, akabeba mtungi wake akaenda. Mimi sikucheka. Lorna wangu alikuwa akienda huko kila Jumamosi, na Lorna haoni. Homa ilizima macho yake akiwa darasa la nne. Nikawaza, sasa wanataka nini tena kwake?

Neno hilo likakaa ndani yangu. Nikipika lipo, nikiomba lipo. Jumamosi nikamfuata.

Walikuwa wamekaa kwa mkeka, mawe yamepangwa, na dadu kubwa ya mbao katikati. Sisi Waturkana tunajua mganga anayerusha viatu chini ili asome mambo yajayo. Nikaona ni yale yale, wamebadilisha viatu tu. Kisha Jattani, kijana wa jirani, akamwambia mtoto wangu, "Haya, Lorna, mpe mwewe macho yako, yeye aone. Lakini akipigwa mshale, unaumia na wewe."

Lorna akasema, "Wacha niumie."

Sikungoja. Nilichukua ile dadu nikaitupa kwa jiko. Sadiya, msichana aliyekuwa anapika chai, alitoa tu sufuria isimwagike, mbao ikashika moto.

Nikamvuta Lorna tukaenda. Njiani hakulia. Alinieleza pole pole, kama mtu anayefundisha mtoto. Ni mchezo wa hadithi, wanapigana kwa maneno. Ukirusha dadu, namba inasema umepiga au umekosa. Siku hiyo maadui walikuwa wamemwaga moshi, wenzake wote wamekuwa vipofu, hawajui upanga unatoka wapi. Yeye peke yake, kwa macho ya mwewe wake aliye juu ya moshi, alikuwa anawaambia piga kushoto, inama, rudi nyuma. Na ile dadu, Jattani aliigongelea misumari midogo ili Lorna ahesabu vichwa vyake kwa vidole, asisomewe na mtu.

"Wote walikuwa wamenishika bega, mama," akasema. "Ni mimi nilikuwa mbele."

Nimeenda kuomba msamaha. Jattani alinipa chai, akasema, mama, hiyo ni mbao tu, nitachonga nyingine. Amechonga. Lakini Lorna hataki kwenda. Anasema wakicheza watakuwa wanasikiza mlango, kama mimi nakuja. Anakaa kwa kitanda, Jumamosi inapita.

Wewe mama unayesoma hii, epuka haya:

Usibebe neno la foleni mpaka nyumbani.

Usiingilie mchezo wa mtoto kabla hujauliza unachezwaje.

Usichome kitu kama hujui mtoto alikishika kwa nini.

Usimvute mtoto asiyeona barabarani kama mbuzi wa soko.

Usimwambie ulifanya hivyo kwa sababu unampenda. Mimi nilimwambia, na bado Jumamosi anakaa kwa kitanda.