Kioo cha Kumi na Tisa

Chupa ilikuwa wazi. Kifuniko chake kilikuwa kimejazwa pini, na kipande cha kioo, kidogo kama kiberiti, kilisimama juu ya kabati katikati ya vikombe vya harusi.

"Nani kafungua?" Shamsia, aliyerudi sasa hivi kutoka msibani Ruvu, aliuliza.

"Mimi," shangazi yake Mwanamvua akajibu, akiendelea kukuna nazi. "Tangu Jumanne. Unatuletea kitu umekifungia kama mwali, halafu tusikione? Kijiji kizima cha Vihingo kimeshakuja kukitazama. Wengine wamekinywea na chai."

Shamsia aliketi mkekani kama mzigo. Miaka miwili maabarani kule Kibaha alikuwa akipaka vioo utando mwembamba wa jamii ya chumvi, unaomeza mwanga wa jua na kutoa umeme. Wengi hutumia madini ya risasi. Yeye alitia bati, na bati huogopa hewa. Unyevu kidogo tu, weusi hugeuka kuwa njano, kazi imekwisha. Vioo kumi na vinane vilimfia hivyo. Hiki alikichanganyia dawa mpya, asithubutu kukitoa chupani. Kesho mkuu wake, Anselmi, angeamua: kikiwa cha njano, wanarudi kwenye risasi.

Pembeni, baba yake, mzee Mwinjuma, alishika kikombe cha kahawa kwa mikono miwili, nacho bado kilimcheza. Ujanani aliyeyusha betri chakavu kando ya mto, akimimina risasi ya kuzamishia nyavu. Daktari alisema ndiyo iliyomwachia mtetemeko ule.

"Siku tano, shangazi? Na mvua hii?"

"Na mvuke wa vyungu vyangu. Kwani kinaoza?"

"Hakijabadilika rangi?"

"Kinyonga hicho? Kilikuja cheusi, kipo cheusi."

Shamsia akainuka, akasogea karibu. Cheusi, weusi wa kaniki mpya. Miezi miwili alikuwa akikificha hewa ileile kitakayoishi nayo juu ya mapaa ya watu.

"Nipe nikione," baba akasema.

"Baba, mikono…"

"Nipe, mwanangu."

Akamwekea kiganjani. Mzee akakishika pembeni, kikitetemeka, akakielekeza mlangoni ambako jua lilikuwa limechomoza baada ya mvua. Kivuli kidogo kikamcheza usoni.

"Jua halipiti."

"Halipiti, baba."

"Sasa linakwenda wapi?"

Shamsia akafungua kinywa kueleza, lakini shangazi alikuwa ameshatoka uani na kupiga kigelegele, kile cha kumtoa mwali nje, na majirani walikuwa wakiitikia. Akakiacha kifuniko na pini zake, akaenda kuongeza mikeka.