Walimu Kumi na Wawili wa Ukutani

Ratiba ya shule nzima ilikaa kwenye ubao mmoja katika chumba cha walimu. Kila mwalimu alikuwa na rangi yake, na kila kipindi kilikuwa na kadi iliyobanwa kwa pini. Aliyeutunza ubao huo alifundisha jiografia, lakini hakuna aliyemwita kwa somo lake. Alikuwa Mama Ratiba, basi.

Alikuwa na desturi moja. Mwalimu akiondoka, kadi zake hazishuki mpaka aje wa kushika nafasi yake. Alikwisha kuona kwamba kisanduku kikikaa kitupu watoto hutoka nje, na wakishatoka, kuwarudisha ni kazi. Kwa hiyo mwalimu wa hesabu alipoacha kazi akafungua duka la dawa, kadi zake za bluu zilibaki ukutani, na Mama Ratiba akaingia darasani badala yake. Wa sayansi alipostaafu, kadi za njano akazibeba Mkuu wa shule mwenyewe. Wawili wengine walihamishwa, na vipindi vyao waliobaki wakagawana.

Jumanne hiyo, wakati wa chai, redio ilikuwa inarusha mjadala wa bungeni kuhusu walimu kupungua.

"Mheshimiwa Spika, wenzetu wanatia chumvi," alisema waziri. "Nina fomu hapa. Shule ya kawaida kabisa, walimu kumi na wawili!" Akaitaja shule. Ilikuwa yao.

Vikombe vikasimama hewani. Mwalimu wa Kiswahili, mtu wa mzaha, akatazama meza yote.

"Kumi na wawili? Na hao wanne wengine wananywea chai wapi?"

Wakaangua kicheko. Redioni, mbunge wa upinzani alikwisha kusimama. "Mheshimiwa Spika, shule hiyo nimefika kwa miguu yangu! Daftari la mahudhurio lina sahihi nane! Waziri atuambie, hao wanne ni mizimu?"

Mama Ratiba hakucheka. Kumi na mbili ilikuwa idadi ya rangi zake ukutani. Akaenda moja kwa moja ofisini kwa Mkuu.

"Fomu ilikuja wewe ukiwa darasani," Mkuu alisema, akavua miwani. "Iliuliza walimu waliomo kwenye ratiba. Nikasimama mbele ya ubao wako, nikahesabu rangi. Nimekosea wapi, Mama?"

Alifikiri, asione pa kumlaumu. Fomu iliuliza hivyo, na Mkuu alijibu hivyo.

Lakini walikuwa wameahidiwa mwalimu wa hesabu. Darasa la mwisho lilibakiza wiki kumi kufika kwenye mtihani, na Mama Ratiba alikuwa akiwafundisha kwa kusoma ukurasa mmoja mbele yao. Wiki iliyopita binti mmoja alimuuliza kwa nini hasi mara hasi huwa chanya. Alimjibu, "Tutaliangalia kesho." Siku ya nne hiyo, na binti bado anamtazama.

Simu ikaita. Alikuwa mdogo wake, karani katika ofisi ya elimu.

"Dada, mambo yameharibika. Wa hesabu wenu anapelekwa kwingine. Kumi na wawili mnatosha, wanasema. Kama kuna marekebisho, yanifikie kabla ya saa nane."

"Niandike nane?"

"Ukiandika nane, Mkuu wako ataulizwa kwa nini alidanganya."

"Hakudanganya."

"Basi acha kumi na mbili."

"Kumi na mbili si kweli."

"Sasa dada, wewe unataka ngapi?"

"Nataka wa hesabu."

Kengele ikalia. Akaingia darasa la mwisho kichwa kikimzunguka, na kabla hajashika chaki akauliza, "Hebu niambieni. Shule hii ina walimu wangapi?"

"Tisa!" wakajibu kwa sauti moja.

Walikuwa wamemhesabu na mlinzi, kwa sababu kila Alhamisi hukaa nao kipindi cha kusoma kimya.

Alipotoka hapo alikata shauri asiandike idadi yoyote. Alichukua karatasi kubwa, akanakili ratiba kisanduku kwa kisanduku: rangi ya kadi, na chini yake cheo cha mtu anayesimama darasani kwa kweli. Bluu, anasimama wa jiografia. Njano, anasimama Mkuu. Hakuruka hata kimoja. Mkuu alisoma, akashika tama, akasoma tena, akasaini. Saa nane kasoro robo karatasi ilikuwa mkononi mwa karani.

Alhamisi redio ikanguruma tena. Waziri alikuwa nayo karatasi hiyo: hakuna kisanduku kitupu, mheshimiwa Spika, watoto wote wanafundishwa! Mbunge wa upinzani naye alikuwa nayo: watu wanane, mheshimiwa Spika, hesabuni wenyewe! Kila mmoja alipigiwa makofi na upande wake. Mama Ratiba alisikiliza mpaka mwisho, na akili yake ikazidi kuvurugika, kwa kuwa hakuna aliyesema lisilokuwemo.

Ijumaa mdogo wake alikuja mwenyewe na bahasha mbili.

"Hongera, dada. Wa hesabu anaripoti Jumatatu."

Walimu wakapiga vigelegele. Wa Kiswahili akacheza hatua mbili na kikombe mkononi. Karani hakuinua macho.

"Na hii ya pili ni yako. Kuna shule haina wa hesabu wala wa jiografia. Wameona kwenye karatasi kwamba wewe unayamudu yote mawili. Jumatatu uripoti huko."

"Kwa hiyo sisi tutabaki wangapi?" aliuliza Mkuu.

Mama Ratiba akahesabu kwa vidole. "Nane."

"Na ukutani?"

Akageukia ubao. "Kumi na wawili."

Hakujua acheke au alie. Mkono wake ulikwenda kwenye kadi za kijani, zake mwenyewe.

"Hizo usizitoe," alisema Mkuu kwa upole.

"Nani atazibeba?"

Wa Kiswahili akaweka kikombe chini. "Jiografia ni ile ya mito na milima, siyo?"

"Ndiyo."

"Basi nipe kitabu, Mama."

Akampa. "Soma ukurasa mmoja mbele yao. Usizidishe, utawachanganya."

Halafu alichana kipande cha karatasi, akaandika swali la yule binti, na kulibana kwa pini chini ya kadi ya bluu ya Jumatatu, kipindi cha kwanza. Chini ya swali akaongeza: Anayesubiri jibu anakaa karibu na dirisha.