Sindano za Bi Mdomo

Kwenye kitambaa chekundu ilibaki sindano moja tu yenye uzi. Mama Pole aliigusa, akaiacha palepale. Aliendelea kushonea kifungo kwa sindano aliyokuwa nayo, ingawa uzi wake ulikuwa umebaki wa kubahatisha, na mashati ya shule yalizidi kumrundikia mezani.

Walimwita Mama Pole kwa sababu ukimkanyaga wewe, pole anakupa yeye. Alikuwa mwoga, na wala hakulificha hilo. Ujasiri alimwachia rafiki yake, Bi Mdomo, tangu wakiwa wadogo wakichota maji: yeye akisukumana na watu wazima kwenye foleni ya bomba, mwenzake nyuma akilinda ndoo. Wakakua, wakaolewa, wakafiwa, wakaajiriwa siku moja kwenye kitengo cha vifungo cha karakana ya nguo na kukaa benchi moja. Macho ya Mama Pole yalipoanza kufifia chini ya taa hafifu za pale, Bi Mdomo alijua kabla hajaambiwa. Kila asubuhi alitia uzi sindano za wote wawili, huku akipiga domo na benchi la nyuma ili mtu asitazame mikono yake.

"Sasa mimi nitakulipa nini?" Mama Pole alimuuliza siku moja.

"Unilipe nini wewe? Macho ni ya Mungu, mimi kaniazima tu. Nikikunyima, siku akiyataka nitamjibu nini?"

Akayataka mapema. Ugonjwa ulipomlaza, Bi Mdomo alisali sala zake, kisha akaomba aletewe sindano na uzi. Alikuwa akitunga uzi kwenye sindano hapohapo kitandani, anapumzika, anatunga tena. Baada ya mazishi binti yake alimletea Mama Pole kile kitambaa chekundu kilichojaa sindano, kila moja na uzi wake mrefu umezungushwa vizuri.

"Mama kasema usiogope," binti alisema.

Mama Pole alilia mbele ya mtoto wa watu bila kuona haya. Hakuwahi kupendwa hivyo, na hakutarajia kupendwa hivyo tena.

Lakini uzi huisha. Kumwomba mtu mwingine amtungie aliogopa, maana maneno yana miguu. Mkataji vitambaa aliwahi kukiri kwamba haoni sawasawa, akaambiwa akapumzike nyumbani, na mpaka leo anapumzika. Mama Pole alikuwa na wajukuu wanaomngoja na chumba cha kupanga. Kupumzika hakukuwa kwake.

Msimamizi aliingia wakati wa chai, kabla watu hawajamaliza vikombe.

"Watu wa vifungo, simameni. Mashati yanarudishwa, vifungo vimekaa upande. Ofisi imeagiza kila mmoja atunge sindano hapa mbele yangu. Atakayeshindwa, aage wenzake."

"Wote, mkubwa?" aliuliza Mama Pacha, yule mnene wa benchi la pili.

"Wote. Kwani wewe unashona kwa pua?"

Mama Pole alijifanya anaokota kitu, akachomoa sindano ya mwisho na kuificha ndani ya mkono wa blauzi. Akajipanga kwenye foleni. Asiyeona huambiwa tu akapumzike, lakini aliyefukuzwa kwa udanganyifu hapati hata barua ya kuombea kazi pengine. Hilo alilijua vizuri.

Msimamizi alimpa sindano tupu na kipande cha uzi.

"Samahani, mkubwa, nisogee dirishani kidogo?"

"Sogea, lakini usinilazie kazi."

Aliwapa watu mgongo. Vidole vilikuwa na jasho, na uzi uliokunjwa kwa upendo sasa ulikataa kukunjuka. Mama Pole hakuwa mtu wa sala. "Ee Mungu wa rafiki yangu," alinong'ona, "nisitiri." Uzi ukaachia. Akaficha ile sindano tupu, akarudi na kuinua ya marehemu.

"Sawa. Kaa. Anayefuata."

Aliyefuata alikuwa Mama Pacha. Alipopewa sindano tupu, alikuwa akiisogeza karibu na uso, kisha mbali, kisha karibu tena. Mama Pole alielewa mara moja, maana ugonjwa ule aliujua. Muda wote alidhani yuko peke yake.

Ilikuwa rahisi kupita. Wakikamatwa, wote wawili kwaheri. Lakini macho yale hayakuwa yake, aliazimwa tu. Akampitia karibu na kumchomekea sindano kwenye upindo wa aproni.

"Dirishani," alimnong'oneza.

Alikaa akabana mikono kati ya magoti, hakuthubutu kuinua kichwa. Alimsikia msimamizi akisema sawa, kisha sawa tena, na tena. Wanawake waliotoka mbele walikuwa wakiwashika mikono waliokuwa wakingoja, kama watu wanaopongezana. Foleni ilipokwisha, mtu alimgusa chini ya benchi, na sindano ikarudi kiganjani mwake. Uzi ulikuwa umekuwa wa kijivu kwa vidole vya watu.

Msimamizi alifurahi. "Kumbe macho yote mazima! Basi tunachoma umeme bure hapa." Akaenda ukutani, akazima safu nzima ya taa.

Karakana iliingia kiza. Kila mtu aliinamia shati lake, pua karibu iguse kitambaa. Hapo ndipo siku zote Bi Mdomo alipokuwa akifungua kinywa, na Mama Pole alijikuta akimngoja. Kisha akajisikia mwenyewe akisema:

"Washa taa, mkubwa."

Msimamizi aligeuka. "Nani kasema?"

Hakuna aliyenyanyua kichwa. Bado angeweza kunyamaza, na asingejulikana kamwe. Alimkumbuka Bi Mdomo kitandani, akitunga, akipumzika, akitunga. Akasimama, sindano mkononi.

"Mimi," alisema. "Sioni."