Kura Mbili za Hoja ya Kumi na Moja

Durwood Pease alinyanyua kadi yake ya kura nilipoinyanyua yangu, upande wa "hapana," nami kwa ujinga wangu nikamshukuru. Nilivuka safu tatu za viti kwenda kumpa mkono. Mkuu wa halmashauri ya mji, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, mtu aliyetumia miezi minne kutushawishi tuseme "ndiyo," leo yuko nasi! Nilidhani nimemgusa kwa maneno yangu.

Ilikuwa Jumamosi ya Machi, kwenye ukumbi wa michezo wa shule, siku ambayo mji wetu hukutana kupitisha mambo yake ya mwaka mzima. Katika miji midogo ya New Hampshire kila mtu mzima aliyejiandikisha anakuja na kadi yake ya njano, hoja zinasomwa moja moja, watu wanabishana, kadi zinanyanyuliwa na kuhesabiwa. Hoja ya kumi na moja ilihusu kiwanda cha Dunmarrow.

Dunmarrow hupaka vitambaa dawa ya kuzuia maji yasipenye. Makoti, mahema, vifuniko vya boti. Maji ya kuoshea mashine zao yanaingia kwenye bomba la majitaka la mji, na mwisho wa bomba hilo niko mimi. Nina stashahada ya mambo ya maji na miaka kumi na minne ya kunusa vinyesi vya majirani zangu. Kazi ya mtambo wetu ni rahisi kueleza: tunaondoa uchafu, tunarudisha maji mtoni. Ile kemikali ya Dunmarrow hatuiondoi. Haiozi, na wale bakteria wetu wanaokula kila kitu hawaigusi. Nyingine inakwenda mtoni, nyingine inabaki kwenye tope, na tope hilo tuliwagawia wakulima bure kwa miaka ishirini tukiliita mbolea. Sasa jimbo limeandika barua kwamba visima kumi na saba maji yake yasinywewe. Kimoja ni cha mama yangu.

Mtu anapaswa kulipia machujio ya visima hivyo, na chujio kubwa la mtambo. Dunmarrow walileta mkataba. Wao wangetununulia gari jipya la zimamoto na kuezeka upya paa la shule. Sisi tungekubali kwamba chochote kilichopita kwenye bomba la mji, tangu zamani hadi milele, ni mzigo wa mji, na kwamba hatutawadai kamwe. Soma tena hapo. Gari moja jekundu, halafu bili ya majitaka ya kila nyumba inapanda mara tatu, mpaka wajukuu. Mama anaishi kwa pensheni ya kiwanda cha viatu.

Asubuhi ile mwanasheria wao alikuja kutoka Boston. Asiye mkazi haruhusiwi kusema mpaka mkutano umkubalie, na tulimkubalia. Sisi ni watu wa adabu, ndilo tatizo letu.

"Ndugu zangu," alianza, "kemikali hizi ziko kila mahali. Ziko kwenye vikaango vyenu, ziko kwenye koti la mvua la mtoto. Sote tumechangia. Basi tubebe sote."

Nikaenda kwenye kipaza sauti.

"Bwana, mimi nina vikaango vitatu. Nyie mna mashine sita."

Watu wakacheka. Nikasubiri wamalize.

"Nimefungua chemba ya majitaka iliyo kabla ya kufika kiwandani kwenu, maji yanayotoka majumbani tu, vikaango na makoti yote ya mji huu. Kipimo kilisoma kumi na mbili. Nikafungua chemba iliyo hatua mia moja chini ya geti lenu. Kilisoma elfu mbili na mia nne. Hizo kumi na mbili tutabeba. Hizo nyingine njooni mchukue wenyewe."

Orrin Tuttle, mwenyekiti wa mkutano, aligonga meza watu wanyamaze. Wakapiga kura. Hapana, mia moja arobaini na tatu. Ndiyo, mia moja na kumi na nane. Hapo ndipo nilipomwona Durwood na kadi yake juu, nikaenda kumshika mkono. Mkono wake ulikuwa mkavu, na hakunitazama usoni.

Mchana wazazi wa shule waliuza maharage, nyama ya nguruwe na pai kwenye bwalo. Nilikuwa nimejaza mdomo wakati Mama alipokuja na fimbo yake. Hajakosa mkutano tangu alipoolewa.

"Umeifunga?"

"Nimefunga nini?"

"Hoja, Colette! Ukishinda unasimama palepale, unaomba ifungwe isirudiwe tena. Baba yako alifanya hivyo kila mwaka. Wewe ulikuwa unaangalia nini?"

"Miaka hiyo nilikuwa nabembeleza watoto wangu kule nyuma, Mama. Wako wawili, unawajua."

"Basi hukuifunga." Akaketi kwa kishindo. "Hujafunga, na yeyote aliyepiga kura upande ulioshinda anaweza kusimama aombe irudiwe."

"Upande ulioshinda ni sisi. Nani kati yetu atakayeomba—"

Pai ikanikwama. Nikageuka kumtafuta Durwood Pease. Alikuwa amesimama mlangoni anatazama saa.

"Mjinga mimi," nikasema.

"Sikutaka kusema," akasema Mama.

Nikatoka mbio hadi uwanja wa magari. Karibu nusu ya magari yalikuwa yameondoka. Wiki ileile utomvu ulikuwa umeanza kutiririka kwenye miti ya maple, na wanaougema ili wauchemshe uwe sukari hawawezi kuuacha, unachacha. Nilikuwa naona moshi mweupe wa majiko yao ukipanda kwenye vilima vyote. Wenye ng'ombe nao walikwenda kuwahi kukamua. Watu walewale walionipigia makofi walikuwa nyumbani wanachemsha, wakiamini jambo limekwisha. Kila mtu anayeujua mji huu anajua kwamba mwezi wa tatu, baada ya chakula, ukumbi unabaki nusu. Durwood amezaliwa hapa.

Saa saba na nusu likaingia basi la Dunmarrow. Wakashuka wafanyakazi kama hamsini, wote wakazi wa mji, wote na makoti ya kiwanda. Nyuma yao nyapara wa zamu, Gary Stroud, na daftari mkononi.

Nilirudi ndani nikinyanyua mkono kabla sijakaa, niombe hoja ifungwe. Durwood alikuwa tayari kwenye kipaza sauti.

"Bwana Mwenyekiti, mimi nilipiga kura upande ulioshinda. Nimefikiri zaidi. Naomba hoja ya kumi na moja irudiwe."

"Umefikiri wakati wa maharage?" Mama akapiga kelele kutoka kwenye kiti chake.

"Bernadette, tafadhali," alisema Orrin.

"Mia moja na arobaini na tatu wamesema hapana, Orrin! Wamekwenda makwao!"

"Kanuni ni kanuni, mama. Haikufungwa."

Alinitazama mimi aliposema hivyo, na alikuwa na haki.

Wakapiga kura ya kurudia. Kadi zikanyanyuliwa, na nikaona jambo ambalo ningepaswa kuliona mapema. Stroud alikuwa anatembea polepole kando ya ukuta, mbele ya safu za wafanyakazi, na kila mara kichwa chake kikiinama kwenye daftari. Watu walikuwa wanamtazama yeye kabla ya kunyanyua mkono. Mia moja ishirini na moja wakakubali irudiwe. Themanini na nane tukakataa.

"Sasa kura yenyewe," alisema Orrin.

Hasira inaweza kukusaidia kufikiri ukiibana kidogo. Nilikuwa na kijitabu cha kanuni ambacho nilipaswa kukisoma wiki nzima iliyopita badala ya kukipekua pale kwa vidole vya jasho. Ukurasa wa tisa: wapiga kura watano waliopo wakiomba kwa maandishi kabla kura haijaanza, kura itakuwa ya siri, kwa karatasi. Majina ya watano yatasomwa, nao watasimama waonekane kuwa wapo.

Nikachana ukurasa wa nyuma wa ajenda. Nikaandika jina langu. Mama akaandika lake kabla sijamwomba. Hattie wa maktaba akaandika. Lyle, anayeendesha gari la kusafisha theluji, akaandika huku akitukana taratibu. Wanne. Nilizunguka viti vyetu. Niliowafikia walikuwa waoga wa kawaida: mmoja ana kaka Dunmarrow, mwingine anawauzia kuni. "Ningependa, Colette, lakini unajua." Ndiyo, najua. Nakumbuka kila mmoja wenu kwa jina.

Mwishowe nikaenda kwenye safu ya makoti ya kiwanda. Yvon Lacasse alikuwa amekaa pembeni. Miaka kumi na tisa kwenye chumba cha kupaka dawa. Kisima chake ni cha kumi na moja katika ile barua ya jimbo.

"Usije kwangu, dada," akasema bila kusogeza midomo. "Stroud yuko pale."

"Nimemwona."

"Nina watoto watatu."

"Na wanakunywa maji gani?"

Akanikazia macho. Nilijua nimempiga mahali pabaya, na sikuomba radhi.

"Ya chupa," akasema. "Tunanunua mpaka ya kupikia." Akatazama mikono yake. "Unajua wametulipa mshahara wa saa tatu kuja kukaa kwenye viti hivi? Kama mizigo. Wamenipakia kwenye basi nije nijibebeshe kwa kura yangu mwenyewe bili ya sumu yao."

"Nataka jina lako hapa. Litasomwa kwa sauti na utasimama. Sikudanganyi."

"Nipe kalamu."

Orrin aliyasoma polepole, kama anavyosoma kila kitu. Colette Bouffard, nikasimama. Bernadette Caron, Mama akasimama na fimbo. Hattie. Lyle. Halafu, "Yvon Lacasse."

Alisimama. Ukumbi wote ukasikia kiti chake kikikwaruza sakafu. Stroud akaacha kutembea. Mwanasheria wa Boston akamnong'oneza Durwood kitu, na Durwood akatazama viatu vyake. Yvon alisimama pale na koti lake la kiwanda mpaka Orrin aliposema, "Wapo wote watano. Kura itakuwa ya siri."

Ilichukua dakika arobaini kukata karatasi na kupanga foleni. Kibanda kilikuwa nyuma ya pazia la jukwaa. Stroud alijaribu kusimama karibu na pazia, na Orrin, ambaye hakuwahi kupaza sauti miaka yote niliyomjua, akamwambia, "Kijana, rudi ukutani au utoke nje ya jengo langu." Wafanyakazi waliingia mmoja mmoja. Sikuweza kusoma chochote kwenye nyuso zao.

Orrin alihesabu mara mbili na karani akiwa pembeni.

"Ndiyo, tisini na nane. Hapana, mia moja na kumi na moja."

Sikungoja makofi. "Bwana Mwenyekiti, naomba hoja ya kumi na moja ifungwe, isirudiwe!" Sauti ilitoka kama ya mtu anayefukuza mbwa. Ikafungwa.

Kama unataka nikuambie kwamba tulikumbatiana na kuimba, hapana. Jumatatu asubuhi maji ya Dunmarrow yaliingia mtamboni kama kawaida. Saa nne Yvon alinipigia simu. Walimtoa kwenye chumba cha kupaka dawa, wakampa kazi ya kufagia ua, kwa nusu ya saa zake za zamani.

"Afadhali kwa mapafu yangu," alisema, akajaribu kucheka.

Niliweka simu chini na hasira yangu ikapata anwani. Barua ya mji kuwadai Dunmarrow gharama zote, machujio kumi na nane, ilikuwa imeandikwa na kupigwa chapa mezani kwangu. Ilihitaji kitu kimoja tu, sahihi ya mkuu wa halmashauri.

Nilimkuta Durwood dukani kwake, nyuma ya mizani ya misumari, anamhudumia mteja. Nikaiweka barua juu ya kaunta.

"Iache hapo, Colette. Nitaipitia."

"Nitasubiri."

"Inaweza kuchukua wiki. Kuna lugha ya kisheria."

"Nimechukua likizo ya siku tatu."

Mteja akaacha kuhesabu skrubu zake. Akaingia mwingine, kisha mke wa Lyle naye akaja kutafuta balbu. Hakuna aliyetoka. Durwood alipanga makopo ya rangi ambayo yalikuwa yamepangwa tayari.

"Unanidhalilisha kwenye duka langu mwenyewe."

"Yvon Lacasse alisimama mbele ya mji mzima akijua watamfanya nini. Wewe una shida ya kusimama mbele ya watu watatu na balbu?"

Shingo yake ikawa nyekundu. Alitafuta kalamu mfukoni, akaikosa, nikampa yangu. Akaweka sahihi haraka, kwa hasira, karatasi karibu ichanike, kisha akanisukumia barua.

Sikuichukua.

"Bado," nikasema. "Sahihi yako ya pili inawekwa ukurasa wa nne."